KISU CHA MASHINE YA KUFYEKEA: TAZAMA MASHINE KWANZA, BEI BAADAYE

Mvua za mwezi wa tatu hadi wa tano zinaponyesha katika sehemu za kusini mwa Uganda, nyasi hazingoji ruhusa ya mtu. Katika muda wa wiki chache ua uliokuwa umefagiliwa vizuri hugeuka kuwa kichaka, na nyuma ya nyumba, penye mfereji na jalala, mabingobingo ambayo Waganda huyaita ebisagazi hupita kimo cha mtu. Katika kambi za askari na katika majumba ya polisi, ambako nyumba zimekaribiana na watoto ni wengi, majani marefu si aibu ya macho tu. Humo hujificha nyoka, na humo hupotea vipande vya chupa na mabati ambavyo baadaye huchoma nyayo za watoto.

Tangu zamani kazi ya kuondoa majani hayo imekuwa ya kwanja na panga, na vyombo hivyo bado vina heshima yake. Lakini siku hizi kambi, shule na jamaa nyingi zimejipatia mashine ya kufyekea: injini ndogo juu, bomba refu katikati, na chini yake kichwa chenye uzi wa nailoni au kisu cha chuma. Mtu mmoja aliye na mashine hiyo hufanya kwa asubuhi moja kazi ambayo watu kadhaa wangeifanya kwa kutwa nzima.

Tatizo huanza siku ile kisu cha kwanza kinapokuwa butu au kinapovunjika jino. Mwenye mashine huenda dukani, akaona visu vimetundikwa ukutani, vyote vinang'aa na kila kimoja na bei yake. Mwenye duka humwambia, "Afande, chukua hiki, kina meno mengi, kitakata kila kitu." Naye hulipa, akaenda zake. Hapo ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa kuwa kisu kizuri si kile chenye meno mengi wala kile cha bei nafuu. Kisu kizuri ni kile ambacho mashine yenyewe imeumbwa kukibeba, na ambacho kimetengenezwa kwa ajili ya mmea unaokatwa.

NGUVU ILIYOMO KATIKA MZUNGUKO

Yafaa msomaji afahamu kwanza nguvu anayoishika mkononi. Kisu cha kawaida kina upana wa milimita 255 kutoka ncha hadi ncha. Kikizunguka mara 8,000 kwa dakika, ncha yake husafiri karibu mita 107 kila sekunde, yaani zaidi ya kilomita 380 kwa saa. Hakuna gari katika barabara ya Kampala kwenda Gulu linalokwenda mwendo huo. Kokoto ikiguswa na ncha hiyo huruka kwa kasi ya kutisha, na jino likikatika kutoka katika kisu huruka vivyo hivyo. Ndiyo sababu watengenezaji huagiza kwamba mtu mwingine yeyote akae umbali usiopungua mita 15 kutoka kwa anayefyeka. Mita 15 ni kama hatua ishirini za mtu mzima. Katika ua wa kambi, umbali huo mara nyingi hufika mpaka mlangoni kwa jirani.

MASHINE YA UZI NA MASHINE YA KISU

Si kila mashine ya kufyekea huweza kufungwa kisu cha chuma. Mashine ya uzi ilibuniwa mwaka 1971 mjini Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani, na George Ballas. Alitazama jinsi brashi za mashine ya kuoshea magari zinavyonyooka zinapozunguka, akaona kwamba uzi laini nao ungeweza kunyooka na kukata. Katika majaribio yake alitumia kopo la bisi na uzi wa kuvulia samaki. Shabaha yake ilikuwa kukata nyasi kando ya miti bila kuchubua magamba yake. Uzi ukigonga mti au jiwe huchakaa tu, kisha mtu huongeza mwingine. Kisu cha chuma hakina upole huo, kwani kikigonga kitu kigumu hurudisha pigo lote katika bomba, katika gia na katika mikono ya mtu.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, mwenye mashine aikague yake kwa mambo matatu.

La kwanza ni bomba. Mashine nyingi ndogo zenye bomba lililopinda chini kama shingo ya korongo huendeshwa kwa waya unaojipinda ndani ya bomba hilo, nazo zimefanywa kwa uzi peke yake. Mashine ya kubeba kisu kwa kawaida huwa na bomba lililonyooka, fimbo ya chuma ndani yake, na kichwa cha gia mwishoni.

La pili ni mshiko. Mashine ya kisu huwa na mishiko miwili iliyotanuka kama usukani wa baiskeli, pamoja na mkanda wa begani. Ikiwa ina mshiko wa duara, basi lazima iwe na kizuizi pembeni kinachomzuia mtu asipige hatua na kuuelekeza mguu wake kwenye kisu.

La tatu ni kitabu cha maelezo. Ikiwa kitabu hakikutaja kisu cha chuma, jibu ni kwamba kisu hakiruhusiwi, hata kama tundu linalingana na nati inakaza. Maneno ya mwenye duka hayawezi kulishinda neno la aliyeiunda mashine.

VIPIMO VINNE VYA KUANDIKA KWENYE KARATASI

Mashine ikishathibitika kuwa ni ya kisu, yako mambo manne ya kupima. Heri kuyaandika kwenye karatasi kuliko kuyategemea kichwani.

Kipimo cha kwanza ni tundu la katikati. Visu vingi vinavyouzwa vina tundu la milimita 25.4, yaani inchi moja kamili. Vingine vina tundu la milimita 20. Tofauti hii inaonekana hata kwa rula ya mtoto wa shule. Kisu chenye tundu kubwa kuliko kitako chake hukaa upande, na kikizunguka hutikisa mashine nzima mpaka nati ilegee. Wapo wanaojaza nafasi hiyo kwa kipande cha bati la kopo au kwa waya. Huko ni kucheza na mauti. Ikiwa mtengenezaji ametoa pete maalumu ya kupunguza tundu, itumike hiyo. Ikiwa hakutoa, kisu hicho kiachwe dukani.

Kipimo cha pili ni upana. Vipimo vinavyoonekana sana ni milimita 230 na milimita 255. Kinga iliyo juu ya kisu imekatwa kwa kipimo maalumu. Kisu kipana kuliko kiwango hicho ama hukwaruza kinga, ama hutokeza nje yake na kuikaribia miguu. Tena kisu kipana huilemea injini ndogo, klachi ikateleza na kuungua.

Kipimo cha tatu ni unene na uzito. Watu wengi hudhani kwamba kisu kinene ni kisu imara. Ni kweli kwamba chuma chembamba kupita kiasi hupinda, lakini chuma kizito kuliko kilichotajwa katika kitabu hula meno ya gia na kuchosha fani zake. Akiba ya shilingi iliyopatikana kwenye kisu hupotea kwa fundi.

Kipimo cha nne ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote, nacho ni mwendo. Juu ya kisu halali huchapwa idadi ya juu ya mizunguko kwa dakika kinayoweza kustahimili. Idadi hiyo lazima ilingane na mwendo wa juu wa mashine, au iuzidi. Chukua mfano wa mashine inayozungusha kisu mara 9,000 kwa dakika. Kisu kilichoandikwa 10,000 kinafaa. Kilichoandikwa 7,000 hakifai kamwe, hata kikitolewa bure. Na kisu kisichoandikwa idadi yoyote, wala jina la mtengenezaji, wala mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka, ni kisu kisicho na ushahidi. Askari asiyekubali risasi isiyo na alama asikubali kisu cha namna hiyo.

KILA MMEA NA KISU CHAKE

Baada ya mashine ndipo huulizwa mmea. Hapa msomaji asidanganywe na wingi wa meno, kwani kila umbo lina kazi yake.

Nyasi fupi za uani, pamoja na majani yaliyo kando ya ukuta, nguzo, mawe ya bustani na makaburi, ni kazi ya uzi wa nailoni. Mahali hapo kisu cha chuma kitagonga tu, na kila pigo ni hatari. Uzi uwe wa unene uliotajwa katika kitabu. Usibadilishwe kwa waya wa chuma hata siku moja, kwa kuwa waya hukatika vipande na kila kipande huruka kama mshale.

Nyasi ndefu laini zisizo na miti ndani yake hukatwa vizuri na kisu cha mabawa mawili au cha meno manne. Kisu cha namna hii hufyeka kwa upana, na vingi vyaweza kugeuzwa upande wa pili makali ya kwanza yakishaisha, hivyo mtu hupata kazi maradufu kwa bei moja.

Magugu mazito yaliyosongana, pamoja na mabingobingo machanga, huhitaji kisu cha meno matatu. Ndicho kisu kinachokuja na mashine nyingi za bei ya kadiri, na kwa matumizi ya nyumbani ndicho kinachofaa kazi nyingi zaidi. Meno yake ni machache na yameachana, kwa hiyo majani hayazibi nafasi zake, na mtu aweza kuyanoa kwa tupa ya kawaida.

Matete na mabua yaliyokauka hufaa kisu cha meno manane. Ni kigumu kuliko cha meno manne, ila hakina ukali wa msumeno.

Vichaka vya miti midogo, kama lantana iliyokomaa na machipukizi ya shina lililokatwa, ndiyo kazi ya kisu cha msumeno, chenye meno 40 au 80 kuzunguka ukingo. Baadhi ya visu hivi vimebandikwa kwenye kila jino kipande kidogo cha metali ngumu sana iitwayo kabaidi ya tungsteni. Makali yake hudumu, lakini yana masharti mawili. Tupa haiwezi kuyanoa, maana huhitaji jiwe la almasi. Na kikigonga mawe, vipande hivyo huweza kung'oka na kuruka. Kisu cha msumeno kikipelekwa katika nyasi laini hujaa majani na kuzisukuma bila kuzikata. Mtu aliyekinunua kwa sababu ya wingi wa meno hurudi nyumbani akilaumu injini, kumbe kosa ni la chaguo lake.

Jamaa yenye ua na bustani ya kawaida haina haja ya kununua visu vyote hivi. Kichwa cha uzi na kisu kimoja cha meno matatu vyatosha kwa kazi nyingi. Cha msumeno kinunuliwe pale tu ambapo vichaka vipo kweli.

VITU VISIVYOFAA KUFUNGWA KATU

Viko vifaa vinavyouzwa kwa maneno matamu ambavyo havistahili kuingia nyumbani.

Cha kwanza ni kichwa chenye minyororo, au vipande vya chuma vilivyounganishwa vikaning'inia. Pete moja ya mnyororo ikikatika hutoka kama risasi. Baada ya ajali iliyoua mtu, Halmashauri ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 19 Januari 2012 kwamba nchi wanachama zikataze kuuzwa kwa vichwa vya namna hiyo kwa mashine za kufyekea za kushikwa mkononi. Kifaa kilichokataliwa huko hakiwi salama kwa kuvuka bahari.

Cha pili ni kisu cha kujitengenezea. Mafundi wa Katwe mjini Kampala wanasifika kwa ustadi, na panga lililofuliwa kutokana na springi ya gari laweza kumtumikia mkulima miaka mingi. Lakini panga huendeshwa na mkono wa mtu, ilhali kisu cha mashine huzunguka mara maelfu kwa dakika. Tundu likihama katikati kidogo tu, au chuma kikipashwa moto vibaya kikawa chepesi kuvunjika kama kigae, hakuna atakayejua mpaka kitakapopasuka. Fundi hodari hulitambua jambo hili, naye hukataa kazi hiyo.

Cha tatu ni kisu kilichochomelewa. Ufa katika kisu cha mashine hauna dawa. Kuchomelea hufunika ufa machoni tu, na kando ya mahali palipochomelewa chuma huwa kimepoteza uimara wake. Kisu chenye ufa kipigwe nyundo mpaka kiharibike kabisa, ndipo kitupwe, ili mtu mwingine asikiokote akadhani ni mali.

KUKIFUNGA NA KUKIJARIBU

Kisu sahihi kikifungwa vibaya huwa sawa na kisu kibaya. Kabla ya yote injini izimwe, ipoe, na waya wa plagi uchomolewe. Mikono ivae glavu nene.

Katika mashine nyingi za bomba lililonyooka, nati inayoshika kisu ina hesi za kushoto. Maana yake ni kwamba hufunguliwa kwa kuzungushwa kuelekea upande ambao nati nyingine hukazwa. Wengi wasiojua hili huvuta kwa nguvu mpaka hesi zikaharibika. Pakiwa na tundu dogo katika kichwa cha gia, pini huingizwa humo ili mhimili usizunguke wakati wa kufungua na kukaza.

Kisu kikae barabara juu ya kitako chake, kati ya sahani ya juu na sahani ya chini, na mshale wake uelekee upande mashine inakozunguka. Nati iliyolegea na kushindwa kushika ibadilishwe. Kinga nayo iwe ile ya kisu: mashine nyingi huwa na kipande cha ziada cha plastiki chenye wembe mdogo wa kukatia uzi, na kipande hicho huondolewa wakati wa kutumia kisu cha chuma. Kuiondoa kinga yote ati ili kazi iende haraka ni jambo lisilosameheka.

Kisha kisu kizungushwe kwa mkono uliovaa glavu. Kikiyumba juu na chini kama gurudumu lililopinda, kifunguliwe kitazamwe upya. Injini ikiwashwa na kuachwa taratibu, kisu kisizunguke. Kikizunguka bila gesi kuvutwa, mashine inahitaji kurekebishwa kwanza. Na mtikisiko wowote unaoanza ghafula katikati ya kazi ni amri ya kuzima mara moja.

UPANDE WA KUKATIA

Katika mashine nyingi za namna hii kisu huzunguka kutoka kulia kwenda kushoto kwa mbele, kama kinavyoonekana na aliyeishika. Mfyekaji hupeleka mashine kutoka kulia kwenda kushoto na kukata kwa upande wa kushoto wa kisu. Sehemu ya kuogopwa ni ile iliyo kati ya ncha ya mbele na mkono wa kulia. Sehemu hiyo ikigonga shina au jiwe, kisu husukuma mashine nzima kando kwa nguvu, pengine ikamgeuza mtu alipo. Kisu butu huongeza hatari hiyo, kwa sababu badala ya kukata hukwama.

Kunoa, basi, ni sehemu ya usalama. Kila jino lipigwe tupa mara sawasawa na mwenzake, ili uzito wa pande zote ulingane. Kisha kisu kitundikwe kwenye msumari laini uliolala, kupitia tundu lake. Upande mmoja ukishuka kila mara, upande huo ni mzito na upunguzwe. Mizizi ya meno itazamwe mahali penye mwanga, kwa kuwa nyufa nyingi huanzia hapo.

Mavazi ni viatu vigumu vya kufunika mguu, suruali ndefu, miwani ya kinga na vizibo vya masikio. Kandambili si vazi la kazi hii. Kabla ya kuanza, watoto watumwe kuingia ndani, nao wasitumwe kuokota mawe wakati injini inanguruma. Mawe, chupa na nyaya huokotwa kwanza, na watu wazima. Injini ikizimwa, kisu huendelea kuzunguka kwa muda. Mtu asikiguse mpaka kisimame kabisa.

SIKU YA KUNUNUA

Mama wa nyumbani au askari anayetumwa dukani na achukue vitu vitatu: kisu cha zamani, kitabu cha mashine, na karatasi yenye vipimo vinne. Akifika, aweke kisu kipya juu ya cha zamani ili matundu yafuatane, asome idadi ya mizunguko iliyochapwa, atafute mshale na jina la mtengenezaji, kisha akitazame ukingo wake kwa jicho moja kuona kama kimenyooka. Kikifaulu katika yote hayo, ndipo aulize bei. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Na katika jambo hili, kinachoweza kuvunjika ni mfupa wa mguu au jicho la mtoto wa jirani, vitu ambavyo hakuna duka linaloviuza.